Hodi katika Idara ya Kiingereza: Warsha ya Waandishi ya Chuo cha Chancellor

Makala haya yalizaliwa na swali. Siku moja tulipokuwa tukisoma mashairi hapa Likuni, mwanafunzi mmoja, kijana aliyekulia katika kambi ya Dzaleka na ambaye Kiswahili chake ni kile cha Kivu, alinyoosha mkono akauliza: “Mwalimu, washairi wa nchi hii ambao nimewasikia wameandika kwa Kiingereza. Je, hawakuwa na lugha ya mama zao?”

Jibu jepesi tulikuwa nalo mdomoni: ukoloni. Ndilo jibu ambalo sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kulitoa, na mara nyingi ni la haki. Lakini tulipoanza kulieleza tuliona linapwaya. Washairi hao walifundisha na kuandika katika nchi iliyokwisha kujitawala, nchi yenye lugha ya taifa iliyotangazwa kwa kishindo, na wengi wao waliijua lugha hiyo barabara. Kwa hiyo tulimwahidi kijana yule kwamba tutamtafutia jibu lililo bora zaidi. Kwa kulitafuta tulijikuta tumeingia katika historia ya idara moja ya Kiingereza, idara ambayo walimu wa Kiswahili hawana desturi ya kuizungumza.

Chuo Kikuu cha Malawi kilianzishwa mwaka 1964, mwaka ule ule wa uhuru, na masomo yakaanza mwaka 1965 huko Chichiri, Blantyre. Chuo cha Chancellor, ambacho ndicho kilichokuwa na masomo ya fasihi, kilihamia Zomba mnamo mwaka 1973. Zomba ulikuwa ungali mji mkuu. Serikali ilihamia kwetu Lilongwe mwaka 1975. (Tangu mwaka 2021, baada ya vyuo vishiriki kutenganishwa, Chancellor ndicho chenyewe kinachoitwa Chuo Kikuu cha Malawi.)

Ili kufahamu yaliyotokea katika Idara ya Kiingereza ya chuo hicho, yatupasa kwanza kuukumbuka mwaka 1968. Wasomaji wetu wa Kenya wataukumbuka kwa jambo moja: mwezi wa Oktoba mwaka huo, Ngũgĩ wa Thiong’o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliutaka Chuo cha Nairobi uifute Idara ya Kiingereza na kuweka mahali pake idara ya fasihi ambayo kiini chake kingekuwa Afrika. Jambo hilo limeandikwa sana. Lakini mwaka ule ule Malawi nayo ilikata mashauri yake mawili. La kwanza, lugha ya Kinyanja ilipewa jina la Kichewa na kufanywa lugha ya taifa, na Kitumbuka, lugha ya watu wa kaskazini, kikaondolewa redioni na shuleni. La pili, Bunge lilipitisha sheria ya udhibiti wa maandishi na maonyesho. Lugha ilipewa kiti, na papo hapo kinywa kikatiwa kufuli.

Dakta Hastings Kamuzu Banda, aliyefanywa Rais wa Maisha mwaka 1971, alijihesabu kuwa bingwa wa Kichewa na mlinzi wa usafi wake. Bodi ya Kichewa iliundwa mwaka 1972. Jambo la ajabu, na Wamalawi wenyewe hulisimulia kwa kicheko, ni kwamba bingwa huyo alikuwa akiwahutubia wananchi kwa Kiingereza, akiwa na mkalimani pembeni. Tunaomba msomaji alishike neno hili, maana tutalirudia: katika nchi hiyo lugha ya mama ilikuwa mikononi mwa mtawala.

Warsha ya Waandishi ilianza mwaka 1970, chuo kilipokuwa bado Chichiri. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mtu ameandika shairi au hadithi fupi. Linapigwa stensili na kudurufiwa, nakala zinagawiwa, kisha wanakutana kulisoma na kulichambua, wanafunzi na wahadhiri pamoja. Haikuwa sehemu ya mtihani wa shahada. Sisi ambao tumefundisha katika madarasa ambamo mwalimu husema na mwanafunzi huandika, tunaweza kukadiria uzito wa kitendo hicho: kijana wa mwaka wa pili kuambiwa aseme kosa la shairi la mhadhiri wake, na mhadhiri akae asikilize. Katika taifa ambamo kila neno la mkubwa lilikuwa sheria, hapo palikuwa mahali pamoja ambapo neno lilipimwa kwa uzito wake lenyewe.

Kutokana na kikao hicho, na kutokana na Idara iliyokizunguka, walitoka waandishi ambao leo ndio uti wa mgongo wa fasihi ya Malawi: Jack Mapanje, Steve Chimombo, Felix Mnthali, Lupenga Mphande, Frank Chipasula, Anthony Nazombe, Ken Lipenga. Huyu wa mwisho alichapisha hadithi fupi, na miaka mingi baadaye akawa Waziri wa Fedha, jambo ambalo hatulijui kwa mwandishi wa Kiswahili hata mmoja. Mwaka 1971 mashairi 39 yalikusanywa na kuchapishwa Blantyre katika kijitabu kilichoitwa Mau, jina ambalo kwa Kichewa ni “maneno”. Mwaka 1972 Chipasula alitoa diwani yake ya kwanza, lakini aliitoa Lusaka, ng’ambo ya mpaka, na baada ya muda mfupi naye mwenyewe alivuka akaishi uhamishoni. Majina ya wanawake katika orodha za miaka hiyo ni machache mno. Hilo nalo ni sehemu ya historia, na hatuoni sababu ya kulifunika.

Idara ilihusika pia na jarida lililotoka katika miaka ya mwanzo ya 1970, la lugha mbili, Kiingereza na Kichewa. Liliitwa Odi. Mswahili hahitaji kufasiriwa. Ndilo neno lile lile ambalo mgeni hulitamka mlangoni kabla ya kuingia, na hapa Likuni utalisikia kila asubuhi. Tumelifikiria sana jina hilo. Anayebisha hodi hajavunja mlango, wala hajageuka akaenda zake. Amesimama, amejulisha kwamba yupo, anangoja. Waandishi wale walisimama hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini.

Mfano wa kazi kama hizo haukutoka mbali. Makerere, Idara ya Kiingereza ilikuwa na jarida lake la Penpoint tangu mwaka 1958, na mwaka 1965 ilianzisha tamthilia ya kusafiri iliyozunguka vijijini Uganda na Kenya ikicheza kwa Kiingereza, Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine. Makerere ndiko pia ulikofanyika, mwezi wa Juni 1962, mkutano mkubwa wa waandishi Waafrika watumiao Kiingereza, mkutano ambao Shaaban Robert hakuwa na nafasi ndani yake kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili, na mwezi huo huo akafariki dunia. Walimu wa Kiswahili hawajausahau mlango huo uliofungwa, na hawapaswi kuusahau.

Mtu aliyefaa zaidi kuuleta moto wa Makerere Malawi alikuwa David Rubadiri. Alizaliwa mwaka 1930 huko Liuli, kwenye ukingo wa ziwa upande ambao leo ni Tanzania, akasoma Makerere, na mwaka 1964 akawa balozi wa kwanza wa Malawi huko Marekani na katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 1965 alivunja uhusiano na Dakta Banda. Kwa hiyo yale ambayo angewapa vijana wa Chichiri na Zomba aliwapa wa Makerere, Nairobi na Botswana. Pamoja na David Cook alihariri mwaka 1971 mkusanyo wa mashairi ya Afrika ya Mashariki ambao ulipita katika mikono ya wanafunzi wengi wa sekondari. Alirudi kuutumikia ubalozi wa Umoja wa Mataifa baada ya Banda kuondoka madarakani, na mwaka 2000 akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu kile ambacho hakuweza kukifundisha alipokuwa kijana. Alifariki mwaka 2018.

Zomba nako walianzisha tamthilia ya kusafiri. Vijana wa Idara walipakia mapambo garini wakaenda kucheza mashuleni na katika miji midogo, na michezo iliyozaliwa katika kazi hiyo haikubaki kuwa ya maneno ya Kiingereza tu, kwa kuwa watazamaji wa kijijini hawadanganyiki: wakichoka huondoka. Mwaka 1976 James Gibbs, aliyekuwa mhadhiri huko, alihariri kitabu cha michezo tisa ya Kimalawi kilichochapishwa Limbe. Kila mchezo ulipaswa kupelekwa kwanza mbele ya wadhibiti. Tumejiuliza mara nyingi mwandishi huandikaje akijua kwamba msomaji wake wa kwanza ni karani aliyeajiriwa kumtilia shaka.

Jibu, tunaamini, limo katika kazi za Chimombo. Tamthilia yake The Rainmaker, iliyotoka kitabuni mwaka 1978, inasimulia habari za M’bona, mwenye nguvu za mvua ambaye madhabahu yake ipo Khulubvi, wilaya ya Nsanje, na ambaye aliuawa na watu wenye mamlaka. Nani angeweza kuikataza hadithi ya mizimu ya mababu katika nchi ambayo mtawala wake alihubiri heshima kwa mila? Baadaye aliandika juu ya Napolo, joka ambalo watu wa Zomba husema hulala chini ya mlima na likiamka huleta gharika. Mwaka 1946 maporomoko ya mlima huo yaliua watu wengi, na jina la Napolo likabaki vinywani. Diwani yake ya Napolo ilichapishwa mwaka 1987. Msomaji aliyetaka kuona joka aliona joka. Aliyetaka kuona zaidi hakuzuiliwa.

Hapo ndipo tunapotaka kumwita mwalimu mwenzetu atazame kwa makini. Nairobi waliling’oa bango la “Kiingereza” na kuandika jingine. Zomba waliliacha bango mahali pake wakabadili yaliyomo ndani ya nyumba. Mwaka 1976 Chancellor kilianza kutoa Kalulu, jarida la fasihi simulizi. Kalulu ndiye sungura wetu, mdogo wa mwili, mwingi wa hila. Ngano, vitendawili, nyimbo za kinu na za ngoma zilikusanywa, zikaandikwa, zikajadiliwa kwa uzito ule ule uliokuwa ukipewa washairi wa Uingereza. Landeg White, aliyefundisha Idara hiyo katika miaka ya 1970, alitoa pamoja na Mapanje mwaka 1983 mkusanyo wa ushairi simulizi wa Afrika. Na Chimombo mwaka 1988 alichapisha uchunguzi juu ya sanaa simulizi ya Malawi. Kwa hiyo katika idara yenye jina la lugha ya kigeni, Kichewa, Kiyao na Kitumbuka vilipata wasikilizaji waliovijali, ilhali huko nje Kitumbuka kilikuwa kimenyimwa hata sauti ya redio.

Mapanje alizaliwa mwaka 1944 huko Mangochi. Diwani yake Of Chameleons and Gods ilitoka London mwaka 1981. Sisi wa Likuni tunaisoma kwa ukaribu wa pekee, kwa kuwa milima ya Dzalanyama iko upande wetu wa Lilongwe, kusini magharibi, na humo ndimo kilipo kilima cha Kaphirintiwa. Wachewa husimulia kwamba hapo ndipo mwanadamu wa kwanza aliposhuka pamoja na wanyama na Mungu mwenyewe, Chiuta, wakati wa mvua, mwamba ukiwa bado laini, na nyayo zao zingali jiwe. Wakaishi kwa amani mpaka mwanadamu alipopekecha vijiti viwili akapata moto. Nyika ikaungua, wanyama wakatawanyika. Kinyonga alipanda mti akamwita Chiuta aokoke. Chiuta alikuwa mzee, hakuweza kupanda, basi buibui akamtegea uzi akampandisha juu, na tangu hapo Mungu haishi tena na watu. Kinyonga wa kitabu anatoka katika hadithi hiyo, na ni yule yule tunayemjua sote, ageukaye rangi ili asionekane na adui.

Mwalimu wa Kiswahili haoni ugeni hapo. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliwasema watawala kwa mafumbo tangu karne ya 19, na kila tunapofundisha fumbo mnazi tunafundisha ufundi huo huo. Tena tusidhani kwamba Kiswahili kingewakinga. Abdilatif Abdalla aliandika kwa Kiswahili safi cha Mvita, na bado alifungwa Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani ndiyo Sauti ya Dhiki ya mwaka 1973.

Mafumbo nayo hayakumkinga mtu wa Zomba. Felix Mnthali, mmoja wa viongozi wa Idara, alikamatwa mwaka 1976 akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1985 kitabu cha Mapanje kiliondolewa mashuleni na madukani. Tarehe 25 Septemba 1987 Mapanje mwenyewe, wakati huo akiwa Mkuu wa Idara ya Kiingereza, alikamatwa Zomba na kupelekwa gereza la Mikuyu. Hakusomewa shtaka lolote. Alikaa humo miaka mitatu, miezi saba na zaidi, mpaka tarehe 10 Mei 1991. Wole Soyinka, Ngũgĩ na Harold Pinter ni miongoni mwa waliopaza sauti kwa ajili yake. White, ambaye wakati huo alikuwa York, hakunyamaza. Na huko nyumbani kasisi mmoja Mwairishi, mwalimu wa Idara hiyo hiyo, aliwasaidia jamaa zake na kupokea vijibarua vilivyopenyezwa kutoka gerezani. Fikirini, idara ya chuo inaendelea na mihadhara, ratiba iko ukutani, na mkuu wake yumo Mikuyu, na kila mmoja anajua na hakuna anayesema.

Sasa tuurudie ule uzi tulioomba ushikwe. Kwa nini Kiingereza? Yalikuwapo mazoea ya shule, wachapishaji wa London, na fahari ya usomi, hatuwasamehi haya. Lakini ilikuwapo pia sababu nyingine. Mahali ambapo lugha ya mama imetwaliwa na mtawala, ina bodi yake na mlinzi wake, mtu anaweza kujificha katika lugha ya mgeni kama msafiri anayejificha mvua katika nyumba isiyo yake. Kiingereza kilikuwa ukuta kati ya waandishi hao na wakulima wa Dowa au Nsanje, ambao mashairi haya hayakuwafikia. Kilikuwa vile vile kibanda kilichowasitiri kwa muda. Sisi tunaona mambo yote mawili ni kweli, na mwalimu atakayemfundisha mwanafunzi moja tu atakuwa amempa nusu ya historia. Hata hivyo, tukilazimishwa kupima, tutasema bei ilikuwa kubwa: taifa lililojifunza kunyamaza lilikuwa na watu waliolisemea, nalo halikuwasikia.

Wamalawi walipiga kura ya kutaka vyama vingi mwezi wa Juni 1993, na mwezi wa Mei 1994 Dakta Banda akashindwa katika uchaguzi. Hapo ndipo historia hii inapogusa kambi ya kijana wetu. Dzaleka, iliyoko wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, haikuanza kuwa kambi. Katika zama za Banda ilikuwa gereza, na miongoni mwa waliofungwa humo walikuwa wafungwa wa siasa. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa maneno ya mtu aliyeadhibiwa, “sirudii tena”. Mwaka ule ule wa 1994 gereza hilo liligeuzwa kuwa makazi ya wakimbizi, waliokuja kutoka Rwanda, Burundi na Kongo. Palikusudiwa watu elfu kumi au kumi na mbili. Leo wamezidi elfu hamsini, na lugha inayowaunganisha sokoni, kanisani na kisimani ni Kiswahili.

Hivyo Kiswahili, ambacho kiliwahi kufika nchini humu na misafara ya Nkhotakota katika karne ya 19, kimerudi kwa mlango wa gereza. Tangu mwaka 2010 vijana wa kambini wameweza kufuata masomo ya chuo kikuu kwa njia ya kompyuta kupitia kwa Majesuiti, na masomo hayo hutolewa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2014 kambi ina tamasha lake la sanaa, lililoanzishwa na mshairi Mkongo, Menes la Plume, nalo huitwa Tumaini. Mashairi husomwa humo kwa lugha nyingi, na Wamalawi hutoka Lilongwe kwenda kuyasikiliza. Mwaka 2019 nchi za kusini mwa Afrika, Malawi ikiwamo, zilikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi ya jumuiya yao ya SADC. Waandishi wa Kiswahili wa Dzaleka hata hivyo hawana jarida, hawana mchapishaji, na hawana idara yoyote inayowasoma.

Tulimweleza kijana wetu haya yote kwa vipindi viwili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ile stensili ilikuwa kitu gani. Tulipokwisha kumweleza alisema kwamba kambini ipo mashine ya kutolea nakala, karatasi ndizo ghali, na kwamba wenzake wanane wangependa mashairi yao yasomwe na kusemwa makosa kama walivyofanya wale wa Chichiri. Tumekubaliana iwe Jumamosi. Kwa kuwa mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na vibali vya watu tisa kwa siku moja ni taabu kuvipata, safari ya Dowa tutaifanya sisi.